Jina Lililokuwa Nyuma ya Saa ya Babu

Makomredi wangu Atu na Tumaini, wadogo zangu mnaoilinda ngome yetu ya Tukuyu,

Saa ya Babu inatembea tena, lakini mimi sina amani. Papa Kalonji, fundi saa Mkongomani wa mtaa wa Joubert Park huku mjini, alipoikata ile ngozi ambayo Babu aliishonea nyuma, tukidhani ni ya kuzuia jasho, tulikuta maandishi ya mgodi aliofanyia kazi huku: "Jim, kwa utumishi mrefu." Si Ambakisye, jina lake. Jim.

Nilimwamuru fundi alifute tusi hilo palepale. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu wa Soweto anayekusanya saa kuukuu, akauzuia msasa wa fundi.

"Eish, dadangu, polepole. Migodi na reli ziliwaaga wazee wetu kwa saa, ndiyo maana wakusanyaji tumejaa nchi hii. Baba yangu wazungu walimwandika Sixpence, jina la sarafu. Ukifuta, nani ataamini kwamba waliwaita hivyo?"

Papa Kalonji akacheka. "Bon, mama. Serikali nzima unaipigia kelele kwenye maandamano, jina moja linakushinda?"

Limenishinda. Babu alilificha maisha yake yote, wala hakulifuta, na Bibi anaingoja saa hii aivae siku ya kumkumbuka. Nikilifuta, nitakuwa nimewasafisha waliomdhalilisha. Nikiliacha, Bibi atalisoma.

Huku baridi inapasua midomo. Nawakumbatia, mle ndizi kwa niaba yangu. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, kwenye simu ya Mama. Bibi naye akae, aambiwe yote. Kura ya kwanza, ya kulifuta au kuliacha, ni yake.