Mama, Mruhusu Assani Aizime Taa ya Kaske

Kindu, mtaa wa Kasuku

Mama yangu mpenzi,

Amani iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya paa moja nawe huko Lubumbashi. Magoti yako yanasemaje tangu baridi ianze? Bado unapanda zile ngazi, au Kaka Ramazani hatimaye amekuhamishia chumba cha chini kama nilivyomwomba? Mimi ni mzima. Mto umejaa, mihogo imepanda bei, na wanafunzi wangu wa fizikia wanaendelea kuamini kwamba mwanga hupinda kwa kuwaonea huruma.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu huniachi nimalize sentensi. Mara ya mwisho nilikuwa nimefika kwenye neno “lakini” uliponiambia, “Zaina, weye mwenye ulisoma sana, usimuvue mudogo wako kaske yenye niliombea,” kisha ukakata. Basi namwomba wifi yangu Furaha akusomee barua hii mpaka mwisho, wala asiruke mahali ninapomlaumu mume wake.

Kwanza, mdogo wangu Assani yuko hai. Bega lake la kushoto limefungwa kitambaa, na anakula kuliko mimi. Alianguka akipeleka chanjo Punia, na sababu ya kuanguka kwake ni ile kaske, kofia ya pikipiki uliyomwombea dua.

Najua umekwisha kukasirika. Vumilia. Kaske kama kaske ni kitu chema: imekwaruzwa upande mmoja, na mikwaruzo hiyo ingekuwa kwenye fuvu la mwanao. Silalamikii ganda lake. Nalalamikia kile kioo kidogo kilichomo ndani, upande wa kushoto chini, kinachomwonyesha mwendeshaji mwendo wake, saa, ramani na jina la anayempigia simu, vyote vikielea mbele ya jicho kama maandishi ya taa hewani. Kaka Ramazani alikinunua kwa sababu kinang'aa, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kukupendeza hakumuuliza mtu yeyote kinafanya nini.

Nisiwe mwonevu. Nimekichunguza kwa makini, na kwenye lami ya Lubumbashi kina faida ya kweli. Kule motari juu ya pikipiki yake hahitaji kuinamisha macho kutazama mwendo huku lori likiwa mbele yake, na mshale humwonyesha njia bila kutoa simu mfukoni. Ningekuwa naishi huko, huenda ningekisifu. Lakini njia ya Punia si lami, na ramani iliyomo ndani inaonyesha barabara nyeupe iliyonyooka mahali ambapo sasa pana miti minene kuliko kiuno changu. Assani akiifuata njia yenyewe, sauti humwambia kwa Kifaransa ageuke arudi alikotoka. Akishavuka mto kwa pirogi, inamwambia hivyo hadi betri ichoke.

Hayo ni ya kuchekesha. La kuogopesha ni hili. Unajua kwamba huku motari wawili wanapopishana, yule anayetoka mbele hunyoosha mguu wake wa kushoto chini ikiwa ameacha nyuma shimo au daraja bovu. Mikono imeshika usukani, injini inanguruma, kwa hiyo mguu ndio unaosema. Na mguu huo, Mama, kwa anayeutazama huonekana upande wa kushoto chini: mahali hasa walipoweka kile kioo.

Siku ile mtu alimtolea Assani mguu. Assani hakuuona. Akaendelea kwa mwendo uleule mpaka kwenye tope lililoficha gogo, akaruka yeye upande huu na sanduku la chanjo upande ule. Yule motari aligeuza pikipiki yake akarudi kumwinua, na Assani mwenyewe amenisimulia walivyozungumza.

“Grand, nilikutolea muguu. Ulikuwa unaangalia wapi?”

“Nilikuwa naangalia kilometre.”

“Kilometre njo itakuvukisha? Na ile taa ya ndani ya kaske ni ya nini? Unasoma gazeti?”

“Mama yangu alikatala niizime.”

“Mama yako iko Punia?”

“Iko Lubumbashi.”

“Basi yeye hakuone hii tope. Zima.”

Hakuizima. Alipanda tena, bega likiwa limevimba, taa ikiwaka, akaifikisha chanjo. Aliporudi nilimketisha juu ya pikipiki uani, nikafunga kiatu chekundu kwenye fimbo, nikakisogeza kama mguu wa mtu anayekuja. Taa ikiwa imezimwa alikiona tangu mlangoni. Tulipoiwasha, alikiona nilipokuwa karibu kumgusa nacho. Tulirudia mpaka majirani wakaja kuuliza kama mwalimu amerukwa na akili. Kisha nikamwuliza, “Umeona?” Akajibu kwa adabu ya mdogo kwa dada yake, “Nimeona, yaya. Lakini mama alisoma dua ndani ya kaske, taa ikiwaka, akasema isizimike. Niizime, dua iende wapi?”

Nimefundisha watu wagumu, Mama, lakini huyu amenishinda. Anakubali kila hatua ya hoja, kisha anakataa mwisho wake.

Naelewa kwa nini ulisema vile. Tangu miaka ya vita, kila kinachodai kuonyesha kilicho mbele unakiona kama kitu ambacho Baba alinyimwa. Alitoka hapa Kindu na magunia ya chumvi juu ya baiskeli, akaelekea Kampene, akafika kwenye daraja lililong'olewa mbao wakati wa magharibi. Umetuambia mara nyingi kwamba angekuwa na taa nzuri angepona. Ruhusu nikupinge kwa heshima. Kile kioo kisingemwonyesha mbao. Kingemwandikia mwendo wake na saa ya kuanguka kwake. Wenzake walioendesha chumvi wakati ule ndio walioanza kutoleana mguu, maana hakuna aliyethubutu kupaza sauti msituni. Baba aliijua alama hiyo vizuri. Hakufa kwa kukosa chombo. Alikufa kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu aliyekuwa akirudi.

Assani anao wanaorudi. Kila safari wanamtolea mguu, na sisi, kwa upendo wetu, tumemwekea taa mbele ya jicho asiwaone.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na lina mipaka. Sitaki avue kaske. Sitaki uitangue dua. Dua uliisomea kichwa cha mwanao, hukuisomea betri. Nataka umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba amepewa ruhusa kuizima taa. Mimi nikimwambia ni fizikia, wewe ukimwambia ni radhi. Na tafadhali usimtaje Zaina, kwa maana akijua nimekuomba atadhani nimekushinda kwa maneno ya shule, naye ataiwasha kwa kukuonea uchungu.

Nisalimie Kaka Ramazani, ambaye bado ni kaka yangu. Wifi Furaha apokee shukrani kwa kusoma hadi hapa bila kuruka. Salamu kwa shangazi muuza samaki, na mwambie wale wa Lualaba wamenona mwaka huu. Salamu pia kwa mjomba mshona kanzu na kwa jirani yule anayekuchotea maji.

Kitambaa cha bega kitafunguliwa wiki hii, na tangu jana Assani anapaka mnyororo mafuta. Akishavuka ng'ambo, simu haimpati. Mpigie akiwa bado upande huu.

Mwanao anayekuheshimu na anayekubishia,

Zaina