Wimbo wa Ngamia Wodini

Halima mdomo mrefu, salaam aleikum! Twiga wa kwenye picha ya kadi hii amenikumbusha shingo yako. Huku hospitali ya Garissa mimi ni mtu mkubwa: daktari hawezi kusema na Baba bila mimi kutafsiri. Darasa la tano si mchezo!

Daktari aliona alama za chuma cha moto kichwani mwa Baba, akauliza, "Nani amemchoma?" Nikasema ni Mjomba, alidhani jini amempinda mdomo, akataka kumtoa kwa moto. Daktari akasema mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo imeziba, na ubongo upande mmoja ukafa, haufufuki. Hayo sikumtafsiria Baba.

Hawezi kutaja jina langu, Halima. Lakini asubuhi nesi alipomimina maji kwenye karai, Baba akaanza kuimba wimbo wa kunyweshea ngamia, maneno yote, mpaka wagonjwa wengine wakageuka kumtazama. Nikamwambia, "Sasa sema Abdi." Akanitazama kana kwamba mimi ni mgeni.

Najua Mjomba anataka kuuza ngamia. Mwambie Hooyo, mama yetu, amzuie huyo kaka yake, asiuze hata mmoja. Ni hao tu Baba bado anaweza kuongea nao.

Kunywa maziwa yangu pia, unenepe kidogo, Mungu akulinde.

Abdi, mkalimani