Usiiguse Ile ya Presha

Mama watoto,

Ukirudi, maharage yamo kwenye sufuria ya umeme, ile ya polepole. Yataiva saa kumi, usiyaharakishe. Ile ya presha usiiguse, hata kuiosha.

Asubuhi iliacha kupiga mluzi. Nikadhani imepoa, kumbe kitundu cha mvuke kimeziba. Nilipolegeza mfuniko, ukaruka mpaka darini! Kitinda mimba wetu alikuwa ameinama tu kuokota kiatu, ukampita juu ya kichwa.

"Baba, ni nini hicho?"

Nikamvalisha kiatu.

Ulinionya nikisafishe kitundu kwanza, nikakucheka eti nachelewa kazini. ~~Mpe jirani.~~ Hapana, nani nimtakie haya? Nitaiponda mwenyewe.

Nampeleka shule sasa. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umemshika mtoto, unakataa kumwachia.

Baba watoto