Kitufe Kilichochemsha Mayai

Jumanne, Karatu. Ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro tangu asubuhi na haujaondoka. Sisikii baridi. Sisikii chochote.

Mimi, mwosha magari wa kampuni ya watalii, kichwa kilichoishia kidato cha pili, ndiye niliyeifanya Access, programu yetu ya kumbukumbu za safari, iiamrishe Excel, ile ya majedwali. Waliomaliza chuo waje wapate masomo, mlango uko wazi. Unabonyeza kitufe kwenye orodha ya safari, mistari yangu ya amri inaifungua Excel, inaendesha makro, yaani amri zilizopangwa tayari, na karatasi ya lanchi boksi za wageni inatokea kwenye printa ya jikoni. Hakuna kukimbia uani na kikaratasi tena.

Leo nilimwonyesha bosi. Tulishakubaliana: ikifanya kazi, napata meza ofisini. Ikigoma, narudi kuosha Landrova.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena na tena, kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa. Skrini haikutikisika.

Bosi hata hakugomba. Alisema, "Ndoo iko palepale ulipoiacha," akaondoka zake kwenda Arusha.

Nikaosha magari. Mikono ilikuwa kwenye matope, mimi mwenyewe sijui nilikuwa wapi.

Jioni Mama Paulina, mpishi wetu, akaja uani na bunda la karatasi, mkono kiunoni. "We baba, hao wageni wa kesho unawaleta kwa treni? Nimechemsha mayai mpaka trei zimeisha."

Kumbe Excel ilikuwa inafanya kazi muda wote. Nilisahau mstari mmoja tu, ule wa kuiambia ijionyeshe kwenye skrini. Kila nilipobonyeza ilifunguka kimyakimya, ikachapa. Karatasi haina jina la mgeni, ina idadi ya boksi tu, kwa hiyo Mama akadhani kila moja ni ya gari jingine la wageni.

Nilitegemea niruke kwa furaha. Wapi.

Nikamweleza ukweli. Akanitazama, akasema bosi akiulizia mayai atajibu kwamba macho yake yameanza kuzeeka. Na atakatwa mshahara yeye.

Ushahidi kwamba mimi ni fundi ni zile karatasi. Na zile karatasi ndizo zilizomaliza mayai.

Ule mstari nimeshauweka. Karatasi nimezikunja mfukoni. Bosi akirudi kesho atanikuta nazo getini, kabla hajafika jikoni. Meza anipe, asinipe, hasara ya mayai ni yangu.

Mama amenipa yai moja nile. Nimelimaliza, na sijui kama lilikuwa na chumvi.