Babu Alifikaje Katilu

Kanamkemer, Lodwar
Jumapili, 17 Machi 2013

Kwa kaka yangu mpendwa Ekuru,

Ejok. Nakusalimu wewe, wifi yangu Nakeno na watoto wote sita hapo Kaikor. Naomba barua hii iwakute wazima, na kile kikohozi cha mtoto mdogo kiwe kimepoa. Mimi mwili wangu ni mzima, ila moyo umechoka, na sitakuficha sababu yake. Hapa jua ni lile lile. Shule zimefunguliwa baada ya uchaguzi, na darasa langu la nne lina watoto themanini na wawili kwa madawati ishirini.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako hupata mtandao ukipanda kilimani tu, na hata ikipata, unanikatiza kabla sijafika katikati ya maneno yangu. Safari hii nataka nimalize.

Ulinituma mwezi wa Novemba. Kamati ya mfereji wa Katilu ilikuwa imetangaza kwamba daftari la mashamba limeliwa na mchwa, na kila familia ieleze upya wazee wake walitoka wapi, walifikaje mtoni, na walianza kulima lini. Asiyeeleza kabla ya Februari kuisha, shamba lake lingepewa mwingine. Ulisema wewe mbuzi wako wamekwisha kwa ukame wa mwaka juzi, unataka kuwarudisha watoto Katilu walime, na kwamba mimi ndiye niliyesoma na mimi ndiye niliye karibu. Karibu! Kutoka hapa hadi Katilu ni siku nzima ya vumbi juu ya lori, na kurudi ni siku nyingine. Nilienda mara nne, kaka. Mara mbili nilikuta ofisi imefungwa kwa sababu karani yuko kwenye mambo ya uchaguzi. Mara ya tatu nilipewa fomu, yote kwa Kiingereza, na mahali pa historia pana mstari mmoja. Mstari mmoja, wa kueleza watu walivyotembea miaka mia!

Shamba lenyewe limejaa miti ya miiba ya mathenge tangu baba afariki. Mfereji unaopita kando yake umekauka, kwa sababu walio juu wanafunga lango la maji na hakuna wa kuwauliza.

Nilianza na hadithi aliyotuachia baba: kwamba babu Lomorukai alitoka upande wa Kakuma, kwenye mto Tarach, akishuka kila kiangazi na punda wake kuja mto Turkwel, hapo Katilu, amebeba ngozi na mafuta, akibadilishana na watu wa mtoni kwa mtama, na kwamba mwaka mmoja alikuta kichaka kitupu, akakifyeka, akakaa. Nikaomba wazee wa Katilu wanithibitishie. Wa kwanza alisema babu alitoka kwa Wapokot. Wa pili alisema hamjui. Mzee Ekai alikubali kila neno, nikafurahi, nikaandika. Wiki iliyofuata akawa amesahau yote, maana mtu mwingine anayelitaka shamba alikuwa amemtembelea. Nilitoka hapo nikilia kwa hasira. Ekai akanifuata hadi barabarani, nadhani kwa aibu, akaniambia kama nataka kweli ya Lomorukai nimtafute mama mmoja, Napeyok, anayeuza kuni Kakuma, karibu na kambi ya wakimbizi.

Nilienda Kakuma Januari. Nilizunguka siku mbili bila kumpata. Aliyenisaidia ni Koang, Mnuer wa Sudan Kusini mwenye duka la unga, ambaye hununua kuni zake kila wiki. Alicheka nilipomwambia natafuta historia ya mto. Alisema kwao, kwenye mto Sobat, wazee wake walipakia mahindi na samaki kwenye mitumbwi, wakafika sokoni bila kuchoka miguu. “Mto ya kwetu iko na maji, mwalimu,” akaniambia. “Hii ya kwenu iko na mchanga tu. Lakini huyu mama anajua hiyo mchanga yote.” Akampa mtoto wake duka alinde, akanipeleka mwenyewe.

Napeyok ni mzee sana, mdogo wa mwili, mkali. Nilimwita Ata, yaani bibi, akanijibu kama mjukuu wake, kisha akauliza mimi ni wa nani. Ekuru, niliogopa. Nilimwambia mimi ni mwalimu tu, nakusanya habari za wafanyabiashara wa zamani. Akakaa, akaanza kueleza bila kuulizwa mara ya pili.

Alisema kweli Lomorukai alikuja kila kiangazi na punda, na kweli alileta ngozi na mafuta. Lakini hakukuwa na kichaka kitupu. Palikuwa na shamba la mtama la mama yake Napeyok, jina lake Nang'olol, na ni yeye aliyekuwa akibadilishana na babu miaka yote ile. Wavamizi walipomuua mume wake, Nang'olol aliamua kwenda kwa kaka zake huko Tarach. Akamwambia Lomorukai, ambaye mwaka huo mifugo yake ilikuwa imekwisha, amlindie shamba na ale kinachoota mpaka arudi. Alirudi baada ya mvua mbili, kwa miguu, na Napeyok akiwa mtoto amebeba mti wa kulimia wa mama yake. Babu alikuwa ameshamleta bibi yetu, wamejenga. Mbele ya majirani alisema mama huyu anamjua kama mteja wa mafuta tu. “Alitupa kibuyu cha maji,” Napeyok aliniambia, “kama wapita njia. Akasimama pale mpaka tukaondoka.” Miaka baadaye mfereji ukachimbwa, wenye mashamba wakaandikwa, na aliyekutwa amesimama pale ni babu.

Halafu akaniuliza: “Hiyo historia yako, mwalimu, mama yangu utamweka mstari gani?”

Niliaga nikarudi Lodwar bila kusema mimi ni nani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizungusha tangu nianze kuandika. Mwisho wa Februari nilijaza fomu kama ulivyotaka, kichaka kitupu na kila kitu, nikaipeleka Katilu. Nilifikiria watoto wako sita. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti mbele ya kamati, akafika kwenye kichaka, akanisogezea kalamu niweke sahihi. Niliiomba ile fomu, nikaikata kwa mistari miwili, nikageuza nyuma ya karatasi na kuandika yote aliyoniambia Napeyok. Mwenyekiti akaniuliza mara tatu kama naelewa ninachofanya. Nikasema naelewa. Mzee Ekai alikuwepo. Alipoulizwa, aliinamisha kichwa akasema ndivyo ilivyokuwa, hata yeye aliona. Shamba limeandikwa kwa jina la Napeyok, binti wa Nang'olol. Si letu tena, Ekuru. Ni mimi niliyelitoa, bila kukuuliza, na nimekaa wiki mbili na nusu nikikosa ujasiri wa kukuambia.

Nilienda Kakuma Jumamosi iliyopita kumpelekea habari na kukiri mimi ni wa nani. Nilidhani atafurahi. Alikasirika. Alisema nimechelewa miaka sitini na kitu, halafu namletea karatasi. Kwamba yeye hawezi tena kushika jembe, na wajukuu wake hubeba magunia ya wafanyabiashara wa kambini, hakuna aliyewahi kufungulia mtama maji. Nilisimama pale nisijue niweke wapi mikono yangu. Nikamwambia habari zako: mbuzi, watoto, na kwamba unajua kulima kwa sababu baba alikufundisha. Akaendelea kufunga kuni zake.

Mwishowe alisema, kuhusu wewe kulima shamba lile, hakukatai wala hakukubali. “Aje mwenyewe aniombe,” alisema. “Kwa mdomo wake. Asimtume dada yake tena.”

Kwa hiyo ukasirike, una haki. Lakini usipande kilimani kunipigia simu kabla hujaenda Kakuma. Uliza duka la Koang, muuza unga, atakuonyesha. Mtaje Nang'olol kwa jina.

Nisalimie wifi Nakeno, umwambie vitabu alivyoniomba nimevipata na vinakuja kwa lori hili hili linaloleta barua. Wape watoto salamu zangu, mmoja mmoja. Nawapenda, hata mkininunia.

Mimi dada yako,
Akoru