Jua Limezama na Bado Wanahesabu

Ha Mokhafo, 6 Mei

Kaka Moeketsi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Lineo ameota meno ya mbele, mdogo wake ameacha kuharisha, ng'ombe mmoja anachechemea lakini anakula. Wewe je, kifua? Usiniandikie "sijambo" kama kawaida yako. Niambie kweli.

Mimi bado nimevaa nguo nyeusi. Tangu mto umchukue mume wangu Tumelo mwezi wa Januari, shemeji Qhobela anausimamia msiba wa ndugu yake kama mnyapara. Jua likizama niwe ndani. Nikae chini kwenye godoro. Nisipaze sauti. Nayafuata yote, wala si kwa ajili yake. Tumelo alistahili kuliliwa.

Sasa nisikilize. Nesi wetu wa zahanati, Mama Nthabeleng, anagombea ubunge. Huyu mbunge tuliye naye ametuahidi daraja kila uchaguzi, na Tumelo amekufa akivuka kwa miguu, unga begani. Mama Nthabeleng alitafuta wakala wa kukaa katika kituo cha kura hapa shuleni, aangalie watu wakipiga kura na zikihesabiwa. Wanaume wawili walikubali, halafu kila mmoja akaonekana na blanketi jipya la mbunge, akajitoa. Nikasema, niandikeni mimi.

Qhobela ndiye anayemfanyia mbunge kampeni huku kwetu. Jana alisimama mlangoni.

"Shemeji, kura zinahesabiwa jua likishazama. Wewe jua likizama unakuwa wapi?"

"Ndani, Ntate," nikamjibu kwa heshima, kama mtu anayemwita baba.

"Basi tumeelewana."

Alipokuwa anaondoka akasema mjane anayevunja msiba, shamba la ukoo halimjui tena. Ni lile la bondeni, kaka. Ndilo tunalokula.

Niandikie neno moja. Baba hayupo, wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema nikae kituoni, nitajua kuna mtu nyuma yangu.

Mdogo wako,
Puseletso


Hosteli ya mgodini, 15 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imeletwa na dereva wa mpakani, inanuka dizeli, lakini imefika. Nafurahi kusikia mnapumua. Umetaka kweli: kifua ni kibovu. Usiku kinapiga filimbi, hadi Mokete wa kitanda cha juu ananiambia nibadilishe wimbo.

Neno lako ni hili: usikae.

Usinikasirikie. Mimi niliacha shule kabla sijajua kugawanya, lakini kitu kimoja nimejifunza huku chini ya ardhi. Jiwe likianza kulia juu yako, husimami kubishana nalo. Unatoka. Qhobela ni jiwe la namna hiyo. Ana shamba mkononi, ana wazee, ana mbunge. Wewe una watoto wawili na gauni jeusi.

Nesi akishinda, tutashukuru. Akishindwa, atarudi zahanati kwake na mshahara wake. Wewe utarudi wapi? Kwetu nyumba ya baba imebaki kuta. Mimi kitanda changu hiki hakinitoshi hata mimi.

Kapige kura yako mchana, jua likielekea mlimani urudi ndani ufunge mlango. Daraja litajengwa au halitajengwa. Tumelo harudi.

Kaka yako,
Moeketsi


Ha Mokhafo, 23 Mei

Kaka,

Natumaini unakunywa ile dawa ya majani niliyokutumia, si kwamba umempa Mokete.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umenipenda ndani yake, nimeona. Lakini sikukuomba unihesabie watoto. Nawalaza mwenyewe kila usiku, najua idadi yao.

Jumamosi nitaingia shuleni asubuhi. Kutoka, nitatoka wakishamaliza kuhesabu.

Puseletso


Hosteli, usiku wa Jumamosi, 27 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu bila kujua uko wapi, jibu lako halijanifikia. Naandika nimekaa juu ya ndoo, kwa sababu vitanda vyote vimejaa watu wa nyumbani. Kuna redio moja na waya wake umefungwa dirishani. Nje kuna baridi ya kuvunja mawe. Sisi hatukupiga kura. Mgodi hautoi ruhusa ya kwenda kupiga kura katika nchi ya watu wengine, wanasema. Kwa hiyo tunasikiliza.

Mtangazaji anasoma jimbo baada ya jimbo kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sufu. Jimbo likisomwa, wenye jimbo wanarukaruka au wanazomewa. Mokete ni mtu wa mbunge wetu, unamjua mdomo wake.

"Kaka wa mjane! Dada yako yuko ndani ya kituo au ndani ya shuka?"

Nikamwambia achunge ugali wake unaungua.

"Mimi nauliza tu. Saa kumi na mbili hiyo ilishapita. Mjane wa Kisotho anayejiheshimu ameshalala. Labda anahesabu kondoo apate usingizi!"

Chumba kikacheka. Nami nilicheka kidogo, nisionekane nimeumia. Halafu nikatoka nikasimama koridoni, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Kaa, Puse. Kaa hapo hapo." Mlinzi akaniuliza naongea na nani.

Nilikuandikia uende nyumbani. Sasa naomba usiwe umenisikiliza. Sijui hili limeniingia saa ngapi. Labda ni kule kucheka kwao. Labda ni kwamba nimetii maisha yangu yote, nikakohoa maisha yangu yote, na sijaona nilichopata.

Nimeacha nafasi hapa kwa sababu walisema jimbo letu linafuata. Halikufuata. Wakasoma mengine.

Sasa kumekucha. Wamelisoma. Mbunge amerudi, kwa tofauti ya kura chache mno, hazifiki hata wachimbaji wa shifti moja. Mokete amecheza juu ya kitanda mpaka ubao umevunjika. Mimi nashuka shimoni sasa hivi bila kulala. Redio haisemi vituo, inasema jimbo tu. Kwa hiyo sijui. Nijulishe. Hata kama ulikwenda nyumbani, nijulishe, sitasema kitu.

Kaka yako,
Moeketsi


Ha Mokhafo, 9 Juni

Kaka Moeketsi,

Sisi wazima, theluji imeshuka hadi kwenye zizi. Barua yako imenikuta na kikombe mkononi na nimelazimika kukiweka chini. Mwambie huyo mlinzi ulikuwa unaongea na mimi, na nilikuwepo.

Nikusimulie.

Siku nzima ilikwenda vizuri. Watu walipanga foleni na mablanketi yao. Msimamizi wa kituo alikuwa kijana kutoka Maseru mwenye viatu vya mjini, anaogopa kila kitu. Jua likaanza kugusa mlima. Wakafunga mlango wa foleni, wakaleta taa, wakaweka sanduku mezani. Hapo hapo Qhobela akasimama mlangoni, na nyuma yake wazee wawili wa ukoo.

"Puseletso, jua limezama."

"Kweli, Ntate. Limezama."

"Haya, inuka. Usitutie aibu mbele ya wageni."

Kaka, miguu ilitaka kuinuka yenyewe. Imezoea. Ndipo nikamsikia Mama Moliehi kule nje kwenye uzio, yule bibi anayelala nami tangu mazishi. Ana sauti ya kuitia ng'ombe.

"Jamani, mfiwa jua likizama anakaa wapi?"

"Chini!" wakajibu wanawake.

"Juu ya nini?"

"Godoro!"

Na godoro langu likaja, kaka. Lilipita juu ya vichwa vya watu, likaingizwa dirishani, likaanguka katikati ya darasa na vumbi lake. Mimi na Mama Moliehi tulikuwa tumepanga alilete mlangoni kimyakimya. Hilo la kuitikiana liliwajia wao.

Kijana wa Maseru akauliza, "Hiki ni nini?"

"Godoro, mwanangu."

"Linafanya nini kituoni?"

"Linakaliwa."

Akafungua kitabu chake cha kanuni. Alipekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo. "Humu hakuna godoro," akasema.

"Basi halijakatazwa."

Nikakaa. Nikamwambia Qhobela, kwa upole: "Niko ndani. Niko chini. Sijapaza sauti. Nimevunja nini, Ntate?" Wazee wale wawili wakaangaliana. Mmoja akasema, kweli, kakaa chini. Wakaondoka. Qhobela akabaki nje ya dirisha kama mtu aliyesahau alichofuata.

Wakaanza kuhesabu. Mimi pale chini nikawa naona miguu ya meza na viatu. Nikasema, "Sioni." Kijana akainua karatasi juu zaidi, nikaona kidogo kuliko mwanzo. Nikasema, "Teremsha." Mwisho alichoka kuinama na kuinuka, akaondoa meza. Kura za Ha Mokhafo zote zilihesabiwa sakafuni, kwenye ukingo wa godoro langu. Wakala wa mbunge, mwenye tumbo kubwa, ilibidi achuchumae usiku kucha. Kila akijaribu kusimama ananikuta namwangalia, anarudi chini. Aliyalilia magoti yake kama bibi harusi anayeagwa!

Mara mbili alizisukuma karatasi za nesi upande wa zilizoharibika, ati alama imetoka nje ya kisanduku. Mfiwa hapigi kelele. Nikauliza kwa sauti ya msiba, "Hiyo ni ya nani?" Darasa zima likanyamaza ili linisikie. Nje pia wakanyamaza. Katika kimya hicho nani angesema uongo? Zikarudi kwenye fungu la nesi.

Kwetu hapa nesi alipata kura mara tatu ya za mbunge. Nikatia sahihi. Mama Moliehi akayatangaza matokeo kwenye uzio, na watu waliokuwa wamejifunika wakaanza kucheza ili wapate joto, au kwa furaha, sikuuliza.

Lakini ng'ambo ya mto, Ha Tsekelo, wakala wetu aliitwa na wakubwa wake jioni, akaenda, wakahesabu bila yeye. Kule Mama Nthabeleng hakupata hata kura moja. Hata ya wakala mwenyewe haikuonekana. Ndivyo tulivyoshindwa. Amepeleka malalamiko mahakamani na hatujui yataishia wapi.

Wiki iliyofuata Qhobela akanishitaki kwa chifu kwamba nimevunja msiba, shamba lirudi kwa ukoo. Chifu akauliza: alikuwa nje? Hapana, ndani. Alikaa kwenye kiti? Hapana, godoro. Alipaza sauti? Hapo akaitwa yule mwenye tumbo, shahidi wao wenyewe. Akajikuna. "Chifu, kusema kweli sauti yake ilikuwa ndogo mno. Tulikuwa tunanyamazishana."

Baraza likavunjika mbavu. Chifu akafunika mdomo na blanketi. Akasema haoni kosa, shamba libaki kwa mjane na watoto wake.

Kwa hiyo Qhobela ametafuta pengine. Ilikuwa nivuliwe nguo nyeusi mwezi wa Julai. Amesema ukoo wake hautanivua. Mwaka mwingine, au miwili, mpaka nijue mimi ni nani. Nimemwambia najua, na nikamtajia jina langu. Lakini kaka, nguo hii ni ya Tumelo. Sitaki iwe ya Qhobela.

Wanawake wa Ha Tsekelo wamevuka mto jana, maji magotini, wamekuja kuniuliza ilikuwaje. Nimewaambia kama nilivyokuambia.

Mdogo wako,
Puseletso


Hosteli, 21 Juni

Puseletso, mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na theluji nimeihisi kwenye karatasi. Kifua kiko vilevile, sitakudanganya, lakini wiki hii hakinisumbui, sijui kwa nini.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya chumba kizima. Nilipofika kwa yule mwenye tumbo wakanirudisha nyuma nisome tena. Mokete akasema, "Sisi tumeshinda jimbo, lakini huyo dada yako simtaki kuwa adui." Nimemwambia amechelewa.

Nimeenda kwa msimamizi wa shifti kuomba ruhusa ya Julai. Akasema Julai haiwezekani, nikiondoka kitanda changu kitapewa mtu. Nikamwambia kitanda ni chenu, kifua ni changu. Akaniuliza kama nimelewa. Nilikuwa sijanywa hata maji.

Kwa hiyo naja, Jumamosi ya tatu ya Julai, saa sita mchana. Ukoo wao ulikuvisha, na wakati ukifika ulitakiwa ukuvue. Wakikataa, wewe hukuzaliwa na mto. Una kwenu, tutakuvua sisi. Mama Moliehi anajua yanayofanywa na nani anyoe nywele, mwambie ajiandae. Kondoo nitanunua hapo mpakani, mweupe, dume, nitamswaga mwenyewe mpaka kijijini, mchana, kwa barabara kuu, nikipita mbele ya nyumba ya Qhobela.

Usimfiche kwamba nakuja. Mwambie leo. Mwambie siku, mwambie na saa, apate muda wa kuwaita wazee wake wote na huyo mbunge wake pia akitaka. Akiwa na neno, aje nalo uani kwako mbele ya watu. Asipokuja tutachinja bila yeye.

Kisu ninacho.

Kaka yako,
Moeketsi