Ua Lililonusurika Sufuriani

Jina langu limeandikwa kwenye karatasi ya wataalamu wa mimea! Marahaba, mdogo wangu Agnesi, maana najua shikamoo yako iko njiani. Huku milimani Kilosa, nilikokuja kumpikia mwanangu Neema, mtaalamu wa mimea, ni ukungu na baridi. Jana nilichuma majani mabichi, nikayatia sufuriani niyapike mboga. Neema wangu akapiga kelele, "Mama, usiwashe moto! Mmea huo nimeutafuta wiki nzima!" Ulikuwa na ua moja tu, nashukuru Mungu lilikuwa zima. Akalilaza ndani ya gazeti likauke, akaandika kwenye karatasi yake: "Aliyekusanya: Veronika." Msomi niliyemzaa mwenyewe, kaacha jina lake kaandika langu! Nililia, nikasingizia moshi, na moto wenyewe tulikuwa hatujauwasha. Mboga safari hii nitanunua sokoni. Njooni nyote nyumbani kwangu Kidodi, Jumamosi nitakuwa nimeshuka, tule tusherehekee.